Msinipe Kiti

Wajukuu zangu,

Jana jioni nilipotoka chumbani mliinuka watatu kwa pamoja. Mmoja alinishika kwapa, wa pili akanisogezea kiti, wa tatu akakimbilia fimbo. "Kaa babu, pumzika." Niliwaombea dua moyoni, maana ndivyo mlivyolelewa, na waliowalea hivyo ni mimi na marehemu bibi yenu. Lakini usiku usingizi haukuja upesi. Nililala nikitafuta namna ya kuwaambia jambo ambalo katika masikio yenu litakaa vibaya: heshima yenu inanila.

Nimemwomba mkubwa wenu aandike ninavyosema, kwa sababu mwandiko wangu mnaujua. Haukuwa hivi. Nilikuwa karani wa stesheni hapa Tabora, na vitabu vya treni nilivyoviandika vilisomeka hata na mtu asiye na miwani. Miaka minane iliyopita benki moja ilinirudishia fomu ya pensheni mara tatu, sahihi hailingani na ya zamani. Niliona wananionea. Nilipofika nyumbani nikachukua karatasi nikaandika jina langu mara kumi, na hapo nikaona kwa macho yangu: herufi ya kwanza kubwa, ya pili ndogo kidogo, na mwisho wa mstari ni safu ya sisimizi. Mkono ulikuwa unaifinya sahihi yangu bila kuniuliza.

Kabla ya hapo pua ilikuwa imekwisha kuondoka. Asali mbichi kutoka porini ilipoletwa hapa nyumbani, nyinyi mlisema imenukia nyumba nzima. Mimi sikusikia kitu. Kisha mkono wa kulia ukaacha kuyumba nikitembea, ukaning'inia tu ubavuni. Kisha kidole gumba na cha shahada vikaanza kusuguana vyenyewe, kama mtu anayevuta tasbihi. Msikitini baadhi ya watu walidhani niko katika uradi muda wote, na mimi niliona haya kuwasahihisha. Uso nao ukakauka. Mliniuliza mara nyingi, "Babu, umekasirika?" Sikuwa nimekasirika. Misuli ya uso ilikuwa imechelewa kutii.

Mtaani hapa Isevya maneno hayakukosa. Mmoja alisema nimerogwa kwa ajili ya kiwanja. Mwingine alisema ni uzee, na uzee hauna dawa. Siwalaumu, maana maneno hayo hayapo kwetu tu. Uganda kuna jumuiya ya wagonjwa wa Parkinson inayojiita Si Buko, kwa sababu huko kwa Waganda kutetemeka kuliitwa buko, adhabu ya mtu aliyevunja mwiko wa wakwe. Iliwabidi waanze na jina, waseme kwanza ugonjwa huu si nini, ndipo watu wakae wasikilize ni nini.

Ni nini basi? Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliandika kijitabu juu ya watu sita waliokuwa wakitetemeka, na baadhi yao hakuwaona hospitali. Aliwaona wakipita barabarani, akatazama mwendo wao. Leo tunajua kwamba chini ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, na kitu hicho ndicho kinachowezesha mwili kufanya mambo bila kuyafikiria: kuyumbisha mkono, kukunja kona, kuinuka kitini. Chembe hizo zinapokufa, na mkono unapoanza kutetemeka sehemu kubwa huwa zimekwisha kufa, mtu habaki hana nguvu. Anabaki hana mwendo wa mazoea. Kila hatua inataka kuamriwa kama karani mpya siku ya kwanza kazini.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Na hapa kwetu, katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miaka ya 2005 na 2006 katika eneo la watu 161,071. Walipata wagonjwa 33. Lakini zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa nyumbani, wamekaa. Nikiwafikiria wale wazee wa Hai, sioni kutetemeka kwao. Naona viti vyao.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Tunajua sote jinsi mzee wa kwetu anavyouguzwa. Anaondolewa jembe, anaondolewa baiskeli, anakatazwa kwenda sokoni, anachotewa maji ya kunawa, anawekwa chini ya mwembe. Miembe ya Tabora ina kivuli kizuri kuliko kivuli cha dari yoyote, na mimi nakipenda. Lakini kwa mgonjwa wa Parkinson kivuli kile ni mtego. Siku ya kwanza anapumzika. Mwezi wa pili magoti yamekaza. Mwaka wa pili anahitaji watu wawili kumwinua, na wale wawili wanaambiana, "Ugonjwa umezidi." Sehemu ya kilichozidi ni ugonjwa. Sehemu nyingine ni kiti.

Mliponipeleka kwa daktari, alinipa vidonge vya levodopa, na nawashukuru kwa namna mlivyochanga fedha. Vidonge vile ndivyo vinavyonifanya niweze kufunga vifungo vya kanzu. Lakini daktari alisema na neno lingine, nanyi mlilisikia nusu. Alisema, "Mzee afanye mazoezi." Mkaelewa kwamba babu atembezwe polepole mpaka kona na kurudi, akipunga upepo. Sivyo. Alimaanisha mazoezi ya pumzi, yale yanayoamsha moyo na kutoa jasho.

Nitawaeleza tofauti, kwa sababu imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya watu 128, wenye umri wa miaka 40 hadi 80, ambao ugonjwa ulikuwa bado mchanga na hawajaanza dawa. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilitembea kwenye mashine ya mkanda unaozunguka, kwa nguvu hasa, moyo ukidunda asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake wa juu. La pili lilitembea kwa nguvu ya wastani. La tatu liliendelea na maisha yake. Madaktari wana kipimo cha alama. Zikipanda, hali imekuwa mbaya. Baada ya miezi 6 wale waliokaa na maisha yao walikuwa wamepanda kama alama 3. Wa mwendo wa wastani walipanda 2, na tofauti yao na waliokaa haikutosha kuhesabiwa. Waliotoka jasho walikuwa karibu palepale walipoanzia.

Palepale. Nyinyi vijana neno hilo halina ladha, mnataka kusonga mbele. Kwa mtu mwenye ugonjwa unaokula kila siku, kubaki palepale kwa nusu mwaka ni neema ambayo sijui niifananishe na nini.

Mwaka uliofuata Waholanzi nao walitoa ya kwao, watu 130. Nusu walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Nusu waliendesha baiskeli zisizoenda popote, nyumbani kwao, dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, miezi 6. Walipopimwa kabla ya kumeza dawa zao, walioendesha baiskeli walikuwa mbele kwa alama 4 na kidogo. Baadhi yao walipigwa picha za ubongo, na picha zikaonyesha kwamba ubongo wa waliopiga pedeli ulikuwa unafungua njia za kupitia pembeni, kama maji yanavyozunguka jiwe, na ulisinyaa kidogo kuliko wa wenzao.

Sikiliza vizuri hapa, wewe unayeandika, usije ukaandika kwa shauku kuliko ninavyosema. Mazoezi hayaponyi Parkinson. Hakuna bado kinachoiponya. Wala hayachukui nafasi ya vidonge. Wale waliopimwa walikuwa na ugonjwa mwepesi, mimi wangu una miaka minane. Ninachosema ni kidogo, lakini ni cha kweli: kati ya vitu vyote nilivyoshauriwa, mitishamba, maji ya kuoga, kuhama nyumba, hiki ndicho kilichopimwa kikaonekana kinazuia kitu, nacho hakiuzwi.

Na kwa nini sisi wa Tabora tukione kigeni? Mji huu umejengwa na miguu. Burton, mpelelezi Mwingereza, alipotoka pwani mwisho wa Juni 1857, msafara wake ulifika hapa, pakiitwa Kazeh wakati huo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani na kurudi, frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, na kijana aliyekuwa hajaona bahari alihesabiwa kuwa bado hajakua. Sisifu mateso ya njia ile. Wengine waliipita na minyororo shingoni, na wengine hawakufika. Lakini kuna jambo moja la misafara ambalo sikulielewa mpaka nilipougua. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na ngoma ikipigwa, na nyimbo zikiimbwa kwa kuitikiana. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni furaha tu. Kumbe mguu uliochoka hauna amri ndani yake tena. Unatii mdundo unaotoka nje.

Ndivyo ulivyo mguu wangu. Mdundo wa ndani umekatika, lakini masikio hayajakatika. Mkinihesabia, "moja, mbili, moja, mbili," au mkipiga makofi kwa mwendo mmoja, miguu yangu inafuata. Hili nalo limepimwa na madaktari, lakini wapagazi walikuwa nalo kabla ya daktari yeyote.

Macho nayo hayajakatika. Mmeniona nikifika mlangoni miguu inaganda, kama imegandishwa kwa gundi, na mwili unataka kwenda mbele. Mnafanya nini? Mnanivuta mkono. Msinivute. Nikivutwa nitaanguka kifudifudi, na mzee akivunjika nyonga habari inabadilika. Nyamazeni kwanza, maana siwezi kupita mlango na kujibu swali kwa wakati mmoja. Kisha mmoja aweke mguu wake mbele ya wangu, kwa upana, nami nitauruka. Mtashangaa. Mguu ulioshindwa sakafu tupu unaweza kuvuka kizuizi. Nililigundua hilo stesheni, nilipokwenda kuwasalimu wenzangu wa zamani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, nami nimetazama mataruma yake karibu maisha yangu yote bila kuyafikiria. Siku hiyo nilivuka pale panaporuhusiwa kuvuka, miguu ikaganda, na jicho likaangukia mistari ile iliyolala sambamba mbele yangu. Nikakanyaga kufuata mistari. Nikavuka kama kijana. Nilipofika upande wa pili nililia, na mwenzangu alidhani nimejikwaa.

Kwa hiyo nataka chokaa. Nichoreeni mistari uani, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye mwembe, hatua moja baina ya mstari na mstari, na mingine mitatu kizingitini.

Na baiskeli yangu mliyoifungia stoo naitaka pia. Najua mlivyoogopa. Lakini mwaka 2010 daktari wa Uholanzi, Bas Bloem, na mwenzake waliandika habari za mtu wa miaka 58 ambaye hakuweza kutembea zaidi ya hatua chache bila kuanguka, lakini akipandishwa baiskeli aliiendesha vizuri kabisa, akazunguka, akarudi. Aliposhuka akaganda tena. Sisemi niende nayo barabara kuu. Kupanda na kushuka ndiko kunakovunja watu, na malori hayamsubiri mzee. Lakini ile baiskeli yangu ya Phoenix ina stendi pana ya nyuma, mnainyanyua gurudumu linabaki hewani. Iegemezeni ukutani, mmoja ashike usukani, nami nitapiga pedeli nikiwa hapahapa uani. Waholanzi walitumia mashine za fedha nyingi kufanya hivyo. Sisi tuna stendi.

Nguvu kiasi gani? Daktari alinipima moyo na presha kwanza, na yeyote mwenye hali yangu asianze kabla ya hapo. Kisha akanifundisha hesabu: toa umri wako katika 220. Mimi nina miaka 68, inabaki 152. Asilimia 80 hadi 85 ya hiyo ni mapigo kama 122 hadi 129 kwa dakika. Shikeni mkono wangu chini ya kidole gumba, hesabuni kwa sekunde 15. Zikifika 30 hadi 32, babu yuko mahali pake. Sitaanzia huko. Nitaanza kwa dakika kumi na mapigo ya chini, na kila wiki nitaongeza. Siku hamna saa, tumieni kinywa changu: nikiweza kuzungumza lakini siwezi kuimba, ni sawa. Nikiimba, ongezeni mwendo. Nikishindwa kusema, au kifua kikibana, au nikiona kizunguzungu, simameni.

Wakati wake ni kama saa moja baada ya vidonge, dawa ikiwa imeshika. Na vidonge visimezwe pamoja na maharage au nyama, kwa maana vinagombania mlango mmoja wa kuingilia, na dawa inashindwa. Nimeze kwanza, nikae kama nusu saa, ndipo sahani ije. Mlikuwa mkinibembeleza nile nishibe kabla ya dawa. Mlifanya kwa upendo, na saa nzima ya asubuhi yangu ilikuwa inapotea.

Mwenzenu mmoja, simtaji, aliniambia juzi: "Babu, mbona Muhammad Ali alifanya mazoezi kuliko watu wote, na Parkinson ikampata?" Swali zuri, na sikumjibu papo hapo kwa sababu maneno yangu siku hizi yanatoka polepole. Ali alipigana Kinshasa mwaka 1974, sisi tukisikiliza redioni. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, akatangaziwa ugonjwa. Mazoezi si hirizi. Hayazuii ajali wala kurithi wala ngumi za kichwa, na ngumi za kichwa zinajulikana kwamba zinaongeza hatari. Watu wanaofanya kazi za nguvu na michezo tangu ujana wanaonekana kupatwa na ugonjwa huu kidogo kuliko wengine, lakini "kidogo" si "kamwe". Aliishi nao miaka 32. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, dunia nzima iliona mkono wake ukitetemeka akiwa ameshika mwenge, na mwenge haukuanguka.

Nakumbuka pia Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja hapa Tabora. Sisi Waislamu nasi tulikwenda kumwona, mji wote ulikwenda. Alikuwa mtu wa milima, anatembea kwa kishindo. Miaka baadaye nilimwona kwenye televisheni, mkono wake ukicheza, na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamechelewa kulitaja jina la ugonjwa mbele ya watu. Nikafikiri: hata pale Roma waliona haya. Kwa hiyo nyinyi msione haya kutembea na mimi barabarani.

Hilo ndilo ninalowaomba kuliko chokaa na baiskeli. Peke yangu siwezi. Ugonjwa huu unachukua hata hamu. Kuna asubuhi natazama viatu na sioni sababu ya kuvivaa, na si uvivu, ni ile dopamini iliyopungua. Mtu akija akasema "Mwangaluka babu, twende," sababu inapatikana. Sihitaji anishike kwapa. Nahitaji atembee kando yangu hatua moja mbele, kama kirangozi, kwa mwendo unaonisumbua kidogo, na asinionee huruma ninapohema.

Na nyinyi pia mnapanda bodaboda kutoka hapa mpaka sokoni, mahali ambapo bibi yenu alikwenda na kapu kichwani na kurudi kabla maharage hayajaiva. Sitawahubiria. Mkitembea na mimi mara nne kwa wiki, la kwenu litakuwa limo humohumo.

Jumatatu na Alhamisi aje mkubwa. Jumamosi wale mapacha, wanajua kupiga makofi sawasawa. Siku ya nne tutakwenda wote, tutoke alfajiri kabla ya jua, tushike njia ya Kwihara, tutafika tutakapofika. Viatu vyangu vya turubai viko chini ya kitanda, upande wa ukutani. Msinivalishe. Nisogezeeni tu, nami nitafunga kamba mwenyewe, hata ikichukua robo saa, nisubirini mlangoni.